Msikilizaji Pekee wa Mkweche wa Nyotani

Mzee Hizza Shekue alishuka kwenye chombo cha abiria akiwa amekumbatia begi lake kifuani kama mtu anayeogopa vibaka wa stendi. Akapiga hatua moja ya kawaida, na hatua hiyo ikamrusha juu hadi nusura agonge taa za dari. Alipotua alikuwa anacheka. Alikuwa na miaka sabini na ushee, magoti yake yalimtesa huko Lushoto kila ukungu uliposhuka, na sasa hapa Mwezini uzito wake ulikuwa umebaki sehemu moja ya sita. Akaruka tena, safari hii kwa makusudi.

"Mngeniambia magoti yanapona huku," aliwaambia wenyeji wake, "ningekuja hata kwa kudandia."

Ukumbi wa mapokezi ukalipuka kwa kicheko. Karibu watu wote wa makazi ya Ukingoni walikuwa wamejazana pale, wachimbaji na sare zao za kazi, kina mama na watoto mabegani. Walichimba barafu katika bonde lisilofikiwa na jua, jirani kabisa na makazi yao, na wengi wao walikuwa wamekua wakiisikiliza sauti ya huyu mzee. Mchezo wake wa redio, Mkweche wa Nyotani, ulisikika Ukingoni kila Jumanne tangu makazi yalipokuwa mahema. Aliuandika peke yake, akaigiza sauti zote peke yake. Alikuwa Nahodha Tambo, ambaye majigambo yake yalifika kwenye sayari kabla ya chombo chake, huo Mkweche. Alikuwa Kidawa, fundi wa injini isiyotengenezeka. Alikuwa Birika, roboti ya kupikia chai iliyopandishwa cheo kuwa mwongoza njia, kwa kuwa ndani ya chombo kizima ni yeye tu aliyejua kuhesabu. Na alikuwa Bi Mwanakombo, mama yake Kidawa, aliyejificha ndani ya pipa la maji ili akamtafutie binti yake mume huko nyotani, na tangu hapo hakushuka tena.

"Nahodha hapotei!" mtoto mmoja alipaza sauti.

"Njia ndiyo inapotea!" ukumbi mzima ukamjibu.

Nyamizi Luhende hakuitikia. Alikuwa fundi mitambo wa redio ya Ukingoni, mwanamke wa makamo, mkimya. Alisimama mstari wa mbele kwa sababu alikuwa amepangiwa kumtembeza mgeni.

Kuruthumu, mpishi mkuu wa bwalo, akapenya katikati ya watu kwa viwiko. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nina neno moja tu. Bi Mwanakombo usije ukamchosha. Juzi aliposema injini yenu inanguruma kama mkwe aliyenyimwa nyama, wallahi nilimwaga mchuzi!"

Waliomzunguka wakacheka na kupiga makofi. Mzee Hizza aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lenyewe lilikuwa limesimama. "Juzi lini?" aliuliza.

"Si Jumanne hii iliyopita."

"Bi Mwanakombo alisema hivyo Jumanne hii?"

"Kwani wewe ndiye uliyemsemesha au mimi?" Kuruthumu alisema, na watu wakazidi kucheka.

Mzee akatazama nyuso zile moja moja. Maneno yale ya mkwe aliyenyimwa nyama aliyaandika zamani sana, enzi za misimu ya mwanzo. Na Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha kufa. Alimwua yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma, katika kipindi kimoja kilichomchukua masika yote kukiandika. Alingoja mtu amsahihishe Kuruthumu. Hakuna aliyemsahihisha. Macho yake yalipofika kwa Nyamizi, Nyamizi akatazama chini, na mzee akaacha kuangalia kwingine.

* * *

Studio ya redio ilikuwa chumba chembamba chenye kuta za sponji. Mzee Hizza aliketi, akaweka begi miguuni, akakataa chai.

"Niwekee kipindi cha Jumanne," alisema. "Kama walivyokisikia wao."

Nyamizi angeweza kusema mtambo umeharibika. Maneno hayo yalimfika mdomoni kabisa. Badala yake akabonyeza.

Sauti ya mzee ikajaa chumbani. Nahodha Tambo alijigamba, Kidawa akamkata kauli, Birika akatangaza kwamba wamebakiza chai ya siku tatu na mafuta ya siku mbili. Kila neno lilikuwa la mzee na kila sauti ilikuwa ya kinywa chake. Lakini pale alipokuwa ameandika Kidawa akae peke yake kwenye kitanda cha mama yake, Bi Mwanakombo aliingia akafoka habari za mkwe na nyama. Mshono haukuonekana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea.

"Ni mimi," alisema. "Lakini mimi sikusema hivi."

Nyamizi akamweleza. Kila mkazi wa Ukingoni alivaa sikioni kidude walichokiita kipuli. Kilikuwa cha kazi na cha usalama, kwa sababu mitambo ya hewa ilinguruma kutwa na bila kipuli watu wangeongea kwa kupigiana kelele. Kipuli kilisikia pia mapigo ya damu na pumzi za mvaaji. Miaka sita iliyopita redio ilifungiwa mtambo ulioitwa Kilainishi. Kilainishi kilikisikia kipindi kabla ya wasikilizaji, kikakadiria ni wapi mioyo itahuzunika, na mahali hapo kikachomoa maneno na kupachika mengine kutoka kwenye ghala la misimu ya zamani. Kama kwa mtu fulani hayo hayakutosha, kipuli chake kiliongezewa utani zaidi. Hakuna aliyeambiwa. Kilihitaji fundi mmoja tu wa kukihudumia, na fundi huyo alilazimika kusikia kipindi chenyewe kama kilivyofika kutoka Duniani, ili akipime dhidi ya kile kilichotoka.

"Miaka sita," mzee alisema. "Kwa hiyo nimekuwa nikizungumza na ukuta."

"Mimi nilikuwa nasikiliza."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Nyamizi alisubiri atukanwe, na aliona ni haki yake. Lakini mzee aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye njaa.

"Basi niambie. Ulisikia nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Nyamizi alianza kwa kigugumizi, kisha akashindwa kunyamaza. Alimwambia kwamba miaka ya mwanzo wasikilizaji walikuwa wanawacheka wale watu wa kwenye Mkweche. Nahodha anawauzia hewa watu wa sayari ambao hata pua hawana, Kidawa anaziba tundu la chombo kwa ugali wa jana, na wewe msikilizaji unashika mbavu. Baadaye mzee akaanza kuwageukia wakubwa. Kulikuwa na ile sayari ambayo mtu haruhusiwi kufa mpaka apate muhuri, na mwenye muhuri yuko likizo, na wazee wa miaka mia tatu wamepanga foleni wanagombana nani kamtangulia nani. Kicheko chake kilikuwa na meno.

"Halafu, sijui ni lini hasa, kicheko kikahama," alisema. "Nahodha alikuwa yule yule, majigambo yale yale. Lakini siku moja nikajua anajigamba kwa sababu anaogopa. Na wewe hukubadilisha hata neno, mzee. Ulichelewa tu. Kidawa anamwuliza kama wamepotea, na Nahodha, kabla ya kusema njia ndiyo inapotea, anavuta pumzi moja. Zamani hakuwa anaivuta. Kilainishi hukata kimya hicho kabla ya kitu kingine chochote."

"Uliisikia ile pumzi?"

"Niliisikia. Nilirudisha nyuma nikaisikia tena." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Kuna vipindi nilivyolia, nikatoka hapa kwenda bwaloni, nikawakuta watu wanashika mbavu kwa kipindi hicho hicho. Nilitamani nimshike mtu mabega nimwambie, huyu mzee anafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia. Anawazeesha hawa watu mbele ya masikio yetu na bado anatuchekesha, ila sasa ukicheka unaumia, na ukiumia unacheka. Sijui umewezaje. Sikuwa na wa kumwambia."

Mzee Hizza akasema kwa sauti ndogo, "Niliwaandikia ninyi."

Nyamizi hakuelewa.

"Ule mporomoko wa handaki lenu. Habari zilipotufikia, marehemu mke wangu alinitazama akaniuliza, sasa hao watu utawachekesha kwa kitu gani? Tulisikia maiti hazikutolewa. Kwamba ilisomwa dua kwenye mlango wa handaki, na kesho yake kazi ikaendelea. Nikasema siwezi kuwafuta machozi watu ambao hawajalia. Nitawazeesha wale wa kwenye chombo taratibu, ili siku Bi Mwanakombo akifa, Ukingoni wawe na mtu mmoja wanayemjua wote. Wamzike huyo."

* * *

Dakta Aikande Mshiu, mganga mkuu wa makazi, hakusubiri kuitwa. Habari za mapokezi zilikuwa zimemfikia. Aliingia studio, akamwamkia mzee, akabaki amesimama.

"Mzee, mimi ndiye niliyeagiza Kilainishi. Nyamizi alitii tu."

"Unanijia na pole au na sababu?"

"Na sababu. Pole nitakupa baadaye." Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi zilizokatwa fupi, na alizungumza bila kupandisha sauti. "Handaki lilipoanguka lilichukua watu thelathini na mmoja. Wiki zilizofuata, watu wawili walitoka nje bila kufunga kofia zao za hewa, na hakuna aliyesema ni bahati mbaya. Mmoja alikuwa muuguzi wangu. Nilimfundisha kazi mwenyewe. Wengine walikuwa hawali. Nilikuwa na dawa za kutosha watu wachache, na kitu kimoja tu ambacho watu wote walikitaka, ambacho ni sauti yako. Nikatumia nilichokuwa nacho."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakutoka mwingine. Hata mmoja." Dakta Aikande akamtazama machoni. "Sasa niambie wewe, ningezima siku gani? Nitaje siku ambayo ungekuwa na hakika kwamba kesho yake sitaletewa mtu."

"Sijui," mzee alisema.

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nimeogopa miaka sita."

Nyamizi aliona kwamba wote wawili walikuwa wamefanya kila walichofanya kwa ajili ya watu wale wale, na kwamba hilo halikumsaidia hata kidogo kujua la kufanya.

"Kesho mmeniandalia onyesho," mzee alisema hatimaye. "Sitaki kukuzunguka, mwanangu. Nitaigiza kipindi cha mazishi. Kama unataka kunizuia, nizuie sasa hivi."

"Sitakuzuia kusema chochote. Lakini Kilainishi kitabaki kimewaka, na kipindi hicho kinakijua tangu zamani. Bwalo linanguruma, sauti yako imekuwa nyembamba, watu watakusikia kwa kipuli." Akamgeukia Nyamizi. "Usikizime. Nakuomba kabla ya kukuamuru."

Akatoka. Mlango ulipojifunga, mzee alimtazama Nyamizi lakini hakusema neno, na Nyamizi alimshukuru kwa hilo. Angekuwa ameombwa na pande zote mbili, angepasuka.

* * *

Bwalo lilijaa mpaka watu wakaketi juu ya meza. Nyamizi alikuwa nyuma kabisa, kwenye mitambo, na swichi ya Kilainishi ilikuwa karibu na kidole chake. Mbele yake mchoro wa pumzi za watu wote ulipanda na kushuka kama mgongo wa mnyama aliyelala. Dakta Aikande alisimama ukutani pamoja na wauguzi wake. Aliwaleta wote. Nyamizi alipoliona hilo alijua kwamba daktari alikuwa amejiandaa kwa lolote, na akamheshimu zaidi ya jana.

Alikuwa amewaza tangu alipoamka. Kukizima kimyakimya ilikuwa kuwasukuma watu ndani ya maji baridi bila kuwauliza. Kukiacha ilikuwa kuwashika mikono wasijue kuna maji. Vyote viwili vilifanana kwa jambo moja: aliyeamua alikuwa ni yeye, na wao hawakujua.

Mzee Hizza alipanda jukwaani, watu wakapiga vigelegele. Kabla hajaanza, Nyamizi akafungua njia ya dharura, ile ya kutangazia moto au upungufu wa hewa, ambayo Kilainishi hakikuruhusiwa kuigusa. Sauti yake ikaingia katika kila sikio.

"Jamani, ni Nyamizi wa redio. Hakuna hatari, msiinuke. Nina jambo." "Kwa miaka sita hamjausikia Mkweche. Mmesikia uliokatwa na kuungwa upya. Kuna mtambo unaoitwa Kilainishi, unaondoa kila kinachoweza kuwahuzunisha na kuweka utani wa zamani mahali pake. Uliwekwa baada ya mporomoko, kwa nia ya kuwalinda, na huenda uliwalinda kweli. Mimi ndiye niliyeuendesha. Hata sasa unafanya kazi masikioni mwenu. Anayeutaka abaki na kipuli chake, wala si aibu. Asiyeutaka akivue, asogee mbele, kwa sababu sauti ya mzee ni ndogo."

Hakugusa swichi. Alikaa na mikono yake mapajani.

Kwanza ilikuwa kelele. Mtu mmoja alimtukana, mwingine akauliza kama ni sehemu ya onyesho. Dakta Aikande alikuwa amemgeukia, na uso wake haukuonyesha hasira, ila uchovu. Kisha Kuruthumu akasimama. Aliyumba kidogo, akashika bega la jirani yake. Mume wake alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja.

"Mzee," alisema kwa nguvu. "Bi Mwanakombo ana nini?"

"Njoo karibu nikusimulie," mzee alimjibu.

Kuruthumu akakichomoa kipuli chake, akakitia katika mfuko wa aproni, akaenda mbele. Wengine wakamfuata, wawili wawili, kisha safu nzima. Wakakaa sakafuni chini ya jukwaa, wamebanana, kwa sababu mngurumo wa hewa ulikuwa mkubwa kuliko walivyoukumbuka. Karibu nusu ya watu walibaki kwenye viti vyao na vipuli masikioni.

Mzee akaanza.

Nyamizi hakuwahi kuona kitu kama kile, wala hakutaka kukiona tena. Chini ya jukwaa watu walikuwa kimya, wamekaza shingo. Nyuma yao watu walikuwa wanacheka. Kidawa alipomkuta mama yake hajaamka, viti vya nyuma vilisikia habari ya mtu aliyekwama kwenye pipa, wakaangua kicheko. Wa mbele wakageuka kuwatazama, na wa nyuma wakaziona nyuso za wenzao, na kicheko kikaanza kutoboka hapa na pale. Kijana mmoja alimwona mama yake chini ya jukwaa ameziba mdomo kwa viganja. Akavua kipuli, akaenda kukaa naye. Mwanamume mmoja alisimama, akatoka nje ya bwalo akisema hakuja kulizwa, na muuguzi mmoja akamfuata taratibu.

Mzee hakuwaharakisha. Nahodha Tambo alitakiwa aseme maneno machache kaburini. Mdomo wake ukaanza wenyewe, kwamba yeye ndiye aliyemgundua Bi Mwanakombo, kwamba pipa lile lilikuwa wazo lake. Akasita. Kimya kikaingia bwaloni, kirefu, kimya kile ambacho Kilainishi kilikuwa kinakimeza kila Jumanne. Mitambo ya hewa ilinguruma. Mzee alisimama tu, mdomo wazi kidogo, na watu waliona mtu mzima akitafuta jambo la kujisifia asilione.

"Alinisema sana," Nahodha akamaliza. "Sijui sasa nitajirekebisha kwa nani."

Mtu akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na kikawaambukiza waliomzunguka.

Kisha ikawa asubuhi ndani ya Mkweche, na Birika akamimina chai. Mzee alimimina hewa kutoka mkononi, polepole, jinsi chai inavyomiminika huku Mwezini, kitu ambacho lazima alikiona jana yake tu. Kikombe cha Nahodha. Kikombe cha Kidawa. Kikombe cha tatu, kwenye nafasi tupu.

"Birika," mzee akasema kwa sauti ya Kidawa. "Umekosea hesabu."

"Mimi sikosei hesabu," Birika akajibu, kwa ile sauti yake ya bati ambayo watoto wa Ukingoni walikuwa wakiiiga tangu walipojua kusema. "Nyie ndio mmepungua."

Kuruthumu alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa, mara moja, kama mtu aliyepigwa mgongoni, na kicheko kikageuka hapo hapo kikawa kilio. Alilia kwa kumtaja mume wake kwa jina. Mwanamke aliyekaa kando yake akataja jina jingine. Halafu wa tatu. Majina yakapanda moja baada ya jingine chini ya jukwaa, na mzee akanyamaza, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa miguu ikining'inia, akawasikiliza wao.

Hata hivyo, kwenye viti vya nyuma walibaki watu kadhaa ambao hawakuvua vipuli mpaka mwisho. Mmoja wao alikuwa mzee wa mitambo ya barafu aliyepoteza watoto wawili. Alicheka peke yake, machozi ya kicheko yakimtoka, akainuka akaenda kulala ameridhika. Nyamizi alimtazama akipita, na hakuthubutu kusema moyoni kwamba mtu yule amekosea.

* * *

Nyamizi aliondolewa redioni wiki ile ile, akapelekwa kusafisha vichujio vya hewa. Dakta Aikande alimpa habari hiyo mwenyewe.

"Ulitumia njia ya dharura bila dharura," alisema. "Siwezi kuliachia hilo, hata kama sijui ningefanya nini mahali pako."

"Naelewa, dakta."

"Zahanati imejaa. Silali. Watu wanakuja na mambo ya miaka sita iliyopita." Akasita mlangoni. "Lakini wanakuja. Zamani hawakuwa wanakuja."

Hakukifuta Kilainishi. Aliagiza redio itoe njia mbili, na kila mtu aambiwe wazi ipi ni ipi. Mzee Hizza alibaki Ukingoni hadi chombo cha kurudi kilipofika, na siku ya kuondoka aliruka hadi karibu na dari kwa mara ya mwisho huku watoto wakimhesabia. Alimwambia Nyamizi kwamba alikuwa hajui kama Mkweche utaendelea kuzeeka au utaishia hapo. Angesikiliza kwanza watu wanasema nini. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyepewa kazi mpya.

Wakazi wengi waliomba wawekewe vile vipindi vya miaka sita tangu mwanzo, na redio ikawa inavirusha mchana, saa ya chakula. Siku moja, miezi baadaye, Nyamizi aliingia bwaloni na ovaroli lake la vumbi, akachukua sahani, akakuta meza ya wapishi imezungukwa na watu wanaobishana. Kuruthumu alikuwa katikati, upawa mkononi.

"Mimi msimu wa mihuri siuachii," alikuwa anasema. "Huo ndio Mkweche wenyewe. Haya ya sasa ni mazuri, sikatai, lakini mzee mahali pengine kazidisha. Kile kimya cha Nahodha kaburini! Nimekisikia tena leo redioni, nikadhani redio imekufa. Kingepunguzwa kidogo."

"Kisipunguzwe!" Nyamizi alisema, kwa sauti iliyowashtua hadi waliokuwa kwenye foleni.

Kuruthumu akamgeukia, akampima kutoka juu mpaka chini. "Kwa nini kisipunguzwe?"

"Kwa sababu bila hicho kimya, yale maneno yanayofuata ni utani tu. Hapo ndipo unamwona Nahodha anakosa kitu cha kusema. Hajawahi kukosa tangu msimu wa kwanza."

"Alikosa kwenye sayari ya mabubu," mtu mmoja akadakia.

"Pale alikosa ulimi, hakukosa maneno!"

Meza nzima ikaanza kusema kwa pamoja. Kuruthumu akagonga sufuria kwa upawa mpaka wakatulia, kisha akamsogezea Nyamizi kiti kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Kaa hapo unielezee vizuri, maana mimi bado nasema kilizidi."

Nyamizi akakaa. Chakula chake kilipoa na hakukigusa. Alikuwa na miaka sita ya mambo ya kusema, na watu waliokuwa tayari kumpinga kila neno.